Mita ya Stima Ikikataa Namba Zako



Siku hizi nyumba nyingi za Kimumu zina stima, nayo hununuliwa kabla ya kutumiwa, kama sukari dukani. Mita yenyewe mara nyingi iko juu ya mlingoti nje, na ndani ya nyumba kuna kisanduku kidogo chenye vifungo vya namba. Vyombo hivi viwili husemezana kwa kupitia nyaya zile zile za stima. Kumbuka neno hilo, maana litakufaa.

Sasa fikiri: ni saa tatu ya usiku, vifaranga wako wa juma moja wako chini ya taa ya joto, na yuniti zimekwisha. Umelipa kwa simu, umeletewa tokeni ya namba 20, umeibonyeza, na mita imekataa. Baridi ya Uasin Gishu haingoji. Wengine hapo humwita kijana wa jirani apande mlingotini. Usifanye hivyo. Fuata kwanza mambo haya kwa taratibu.

1. Tazama namba ya mita yako. Ina tarakimu 11. Ilinganishe na ile iliyo katika ujumbe wa simu. Viwanja vingi vya kwetu vina nyumba za kupangisha, na mita kadhaa huwa mahali pamoja, hivyo ni rahisi kununua stima ya mwingine. Tokeni ya mita moja haifungui mita nyingine.

2. Tazama swichi kubwa. Watu wengi huizima yuniti zikiisha. Ukiizima umekata njia, na kisanduku hakiwezi kusema na mita. Basi iwashe, chomeka kisanduku katika soketi, tia betri mpya, na chomoa vyombo vingine, kwa sababu baadhi yao huvuruga mazungumzo hayo.

3. Bonyeza polepole. Mmoja asome namba nne nne, na mwingine abonyeze. Kumbuka pia kwamba mita haisahau tokeni iliyokwisha pokea, ukiirudia itaikataa. Kwa hiyo tazama kwanza hesabu ya yuniti, huenda zimeingia tayari.

4. Je, mita yako ilifanywa upya? Kila tokeni hubeba ndani yake wakati ilipotolewa, uliohesabiwa kwa dakika; zamani hesabu hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ni dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024 katika nchi zote zitumiazo mita za namna hii. Ikiwa nyumba yako ilikuwa imefungwa tangu kabla ya siku hiyo, mita yahitaji kwanza tokeni mbili za kuifanya upya, kila moja ya namba 20. Ingiza ya kwanza, kisha ya pili, ndipo uingize ya stima. Fuata mpango huo bila kuugeuza.

5. Yote yakishindikana, piga simu Kenya Power kwa namba 97771, au tumia *977#. Uwe na namba ya mita na ujumbe wa malipo. Usiufute ujumbe huo mpaka taa iwake, na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya simu.

Sasa juu ya yule kijana wa mlingotini. Kuunga waya kando ya mita ni wizi, na sheria ya nishati ya mwaka 2019 inaukataza. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni mauti. Waya uliofungwa ovyo ukigusa ua wa seng'enge, huweza kumwua mtoto afunguaye lango, au ng'ombe akamuliwaye asubuhi. Vifaranga hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

Basi andika leo namba ya mita yako nyuma ya mlango, weka betri za akiba, na ununue stima mchana, yuniti zingali zimebaki. Mkulima mwenye busara hangoji debe liwe tupu ndipo apeleke mahindi kusagwa.