RISC OS na Deni la Biti 26 (Sehemu ya Nne)

Habari kwamba RISC OS Open, kampuni inayoutunza mfumo endeshi wa RISC OS, inatafuta fedha za kuuhamishia kwenye vichakataji vya biti 64 ni njema, ila zimechelewa sana. Chanzo cha kuchelewa kiko Cambridge.

Huko, tarehe 26 Aprili 1985, kampuni ya Acorn iliwasha kwa mara ya kwanza chipu ya ARM, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Ilikuwa na transista 25,000 hivi. Walipopima umeme inaotumia, mita ikasoma sifuri: waya wa kuilisha haukuwa umeunganishwa, na chipu ilikuwa ikichapa kazi kwa umeme uliovuja kutoka kwenye njia za data. Kwa kubana matumizi namna hiyo, kizazi chake kimeingia karibu kila simu ya mkononi.

Kubana huko kulifika hadi kwenye rejista. R15 ilibeba biti 24 za anwani ya amri, biti 6 za bendera na biti 2 za hali ya kichakataji. Kijiprogramu kikimaliza kazi, amri moja tu, MOVS PC, R14, ilirudisha anwani na bendera kwa mkupuo. Ustadi mtupu! Lakini biti hizo 24, pamoja na mbili za chini ambazo daima ni sifuri, zilifanya anwani ya biti 26 tu, hivyo programu haikuweza kukaa nje ya megabaiti 64, na RISC OS, mfumo wa Acorn kwa chipu hiyo, iliyotoka 1989 ikiwa imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa asembli, iliutapakaza ustadi huo kila kona.

Deni lilidaiwa mwaka 2002, kompyuta ya Iyonix ilipokuja na chipu ya XScale isiyoujua mtindo wa biti 26. Amri hizo zikasakwa na kuandikwa upya. Programu zisizorekebishwa zikagoma. Hapo ndipo kiini cha mfumo kilipaswa kuhamia lugha ya C. Kikaachwa kwenye asembli, na mzigo wakaachiwa warithi. Fundi hodari humfikiria atakayeifungua kazi yake baada ya miaka thelathini.

Safari hii viraka havitoshi. Kwenye AArch64, mtindo wa biti 64 wa ARM, anwani ya amri si rejista ya kawaida tena, amri za kuhifadhi rundo la rejista kwa pamoja zimefutwa, na uhuru wa kuiwekea sharti karibu kila amri umeondoka. Raspberry Pi 5 ya 2023 huzikubali biti 32 kwa programu za kawaida tu, si kwa kiini, hivyo RISC OS haiwaki juu yake.

Tangu 2018 msimbo uko chini ya leseni ya Apache, na yeyote anaweza kuanza kesho. Wanaopungua ni wasomaji wa asembli ya 1989 wenye nafasi ya kuigeuza kuwa C, ukurasa kwa ukurasa, huku wakilipwa.