Kabla hujamtaja jirani, itazame jioni yako

Saa saba usiku, kijana wa Manundu mjini Korogwe bado yuko na simu. Amemaliza filamu ya mizimu, sasa anasikiliza sauti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp kuhusu mtu aliyekabwa na jini. Usingizi unamchukua akiwa chali ndani ya chandarua. Karibu na alfajiri anafumbua macho. Dari anaiona, jogoo anamsikia, lakini mkono haunyanyuki, ulimi mzito, na kifuani kama pamekaliwa. Kukipambazuka, nyumba nzima ina swali moja: nani kamtumia?

Hapo ndipo jinamizi linapokuwa hatari. Handeni na Korogwe hakosekani mtu wa kulijibu swali hilo kwa malipo, na jibu likishatoka, bibi wa nyumba ya tatu hatazamwi tena kama jana.

Mwili una maelezo yake. Usingizi wa ndoto huja takriban kila dakika 90, na vipindi vyake hurefuka kuelekea alfajiri. Wakati huo ubongo huizuia misuli ili tusiinuke tukapigana na tunachokiota. Akili ikizinduka kabla misuli haijaachiwa, mtu huwa macho huku ndoto ikiendelea chumbani. Kulala kidogo, kulala chali na kubadilisha saa za kulala, kama mlinzi wa zamu kwenye shamba la mkonge, huongeza uwezekano huo. Pombe nayo huzibana ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha ndoto hizo hurudi kwa kishindo.

Lakini sura ya anayekaa kifuani tunaipokea kwa watu. Mwaka 1995 habari za Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku, zilianzia Pemba wakati wa Ramadhani, zikavuka Unguja, zikafika Dar es Salaam. Watu walihama vitanda, wakakesha nje kwa makundi. Usingizi ukapungua, hofu ikazidi, na hayo mawili ndiyo yanayozaa jinamizi. Mjini Zanzibar, mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania ndiye. Leo habari kama zile zinafika Mkata kabla hujageuza ubavu.

Ndoto hata hivyo inaweza kushikwa hatamu. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alirekodi ishara za macho ambazo Alan Worsley alizitoa akiwa usingizini, kama walivyokubaliana: alikuwa anaota, na anajua anaota. Ndoto za namna hiyo huja zaidi kwa anayeamka kabla ya alfajiri kisha akalala tena, kama tufanyavyo baada ya daku. Kwa jinamizi linalojirudia, ipo tiba isiyotaka kombe wala kafara: mchana unaiandika ndoto, unaubadilisha mwisho wake, na kuupitisha akilini kila siku. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walionyesha kuwa iliwasaidia wanawake waliopitia ukatili wa kingono.

Mengine yako mikononi mwetu. Simu ilale mbali na kitanda. Mafundisho ya Kiislamu yanaelekeza kulala ubavu wa kulia, na aliyeota vibaya ajikinge kwa Mungu, ageuke ubavu, asiisimulie ndoto hiyo. Nasaha hiyo ingefuatwa 1995, huenda roho ingesalimika.

Ndoto mbaya zikizidi, nenda Hospitali ya Magunga au ya Handeni, hasa kama umeanza dawa mpya. Efavirenz, dawa ya kufubaza VVU iliyotumika nchini kwa miaka mingi, inajulikana kwa kuleta ndoto kali. Dawa ya namna hiyo hubadilishwa na daktari. Usiikatize mwenyewe nyumbani.