Wiki ya 53 Haina Safu

Tuseme uko Kindu, na mbele yako kuna faili la Excel la kufuatilia magonjwa katika jimbo zima la Maniema, nchini Kongo. Zone za afya 18 zimepangwa kushuka chini, kuanzia Alunguli hadi Tunda. Wiki 52 zimetandazwa kwenda kulia. Kila ugonjwa una laha yake, na juu kuna seli zilizounganishwa, zimepakwa rangi, zina majina ya miezi. Kwa anayejaza, faili hili ni rafiki. Ripoti ya Alunguli ikivuka mto kutoka ng'ambo, anajua papo hapo namba iende kisanduku gani.

Kazi inaanza siku mtu anapouliza swali. Je, surua ilipanda wapi kati ya wiki ya 5 na ya 12, ukilinganisha na mwaka jana? Jibu limo humo, ila limetawanyika: mwaka uko kwenye jina la faili, ugonjwa kwenye jina la laha, wiki kwenye kichwa cha safu, zone mwanzoni mwa mstari. Ile 7 iliyo ndani ya seli haijijui. Ihamishe laha nyingine, imekuwa yatima.

Dawa yake ni kuipa kila namba mstari wake na kitambulisho chake kamili: mwaka, wiki, zone, ugonjwa, wagonjwa, vifo. Fikra hii si ya jana. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alipendekeza data zikae kwenye majedwali ambamo mstari hautegemei ulipowekwa, kwa kuwa kila kinachouhusu kimeandikwa ndani yake. Na mikono haihitaji kunakili seli moja moja: Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, hukunja safu 52 zikawa safu mbili, ya wiki na ya idadi, bila intaneti. Kabla ya hapo, tenganisha seli zilizounganishwa na ufute mistari ya jumla. Ukiisahau ile ya jumla, wagonjwa wote watahesabiwa mara mbili.

Urefu wa jedwali huwashtua watu. Zone 18 mara wiki 52 ni mistari 936 kwa ugonjwa mmoja. Magonjwa 15 ni 14,040. Miaka mitano ni 70,200. Mashine haijali, mradi faili lisiwe la muundo wa zamani wa .xls, unaokomea mstari wa 65,536. Uingereza ililijua hilo mwaka 2020: wagonjwa 15,841 wa korona waliopimwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba walikosekana kwenye takwimu za kila siku, kwa sababu matokeo yao yalipitishwa kwenye mafaili ya .xls yaliyokwisha kujaa. Muundo wa .xlsx una nafasi ya mistari 1,048,576.

Ninapowaomba watu waende polepole ni kwenye seli tupu. Tupu inaweza kuwa na maana kwamba hakukuwa na mgonjwa. Inaweza pia kuwa na maana kwamba mtandao ulikatika, pikipiki ilikwama kwenye tope, ripoti haikufika. Kwenye fomu hali hizi mbili zinafanana, na Power Query inapokunja safu huziacha seli tupu kimya kimya. Kwa hiyo sifuri iandikwe sifuri, na liwepo jedwali la pili, dogo: zone, wiki, tarehe ripoti ilipopokewa. Bila hilo, zone iliyonyamaza itaonekana ndiyo yenye afya kuliko zote.

Majina nayo yana mtego. Kabambare ni eneo la utawala, lakini ni zone ya afya pia. Na ndani ya eneo hilo kuna zone tatu: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Faili moja likimaanisha eneo na jingine zone, kuyaunganisha ni kuchanganya mchele na chuya. Ipe kila zone msimbo, orodha ya misimbo ikae mahali pamoja, jina liandikwe huko tu.

Sisemi fomu itupwe. DHIS2, mfumo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Kongo kwa taarifa za afya, humwonyesha mjazaji fomu inayofanana na karatasi yake, huku chini yake kila thamani ikihifadhiwa pamoja na mambo matatu: nini, wapi, kipindi gani. Ofisi yenye Excel peke yake inaweza kuiga: laha ya kujazia, na jedwali ambalo mkono hauligusi.

Mwaka 2020 ulikuwa na wiki 53. Kwenye fomu ya safu 52, wiki hiyo inabidi ibanwe pembeni, na fomula za jumla zisiione. Kwenye jedwali unaandika 53 katika safu ya wiki, unaendelea. Mwaka 2026 nao unayo: inaanza Jumatatu, tarehe 28 Desemba.