Maharagi, unga ya dawa na tansio

Kwenye mkutano wa koperative moja ya maharagi, mama mmoja alisimama akishika kifuko cha nailo, ndani yake unga mweupe usio na jina. Aliununua sokoni ili uue bidudu katika maharagi ya mbegu na ya kula. Akasema: "Siye tuko tunakula hii maharagi myaka yote, hakuna mutu alikufa. Sasa munatutisha juu ya nini?"

Ulizo lake ni la haki. Dawa inayoua siku ileile, kila mtu anaiogopa. Lakini kuna nyingine ambazo haziui leo: zinakaa tu. DDT iko kati ya hizo. Haipendi maji, inapenda mafuta. Katika udongo inabaki miaka mingi, na mwilini inajificha ndani ya mafuta yetu. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto angali tumboni, kisha kwa maziwa.

Ndiyo maana matokeo yake yanachelewa. Huko California, Marekani, waganga walitunza damu ya akina mama waliozaa kati ya 1959 na 1967, wakati DDT ilitumika sana kule. Baadaye walipima DDT katika damu ile, wakafuata mabinti waliozaliwa, nao sasa ni watu wazima. Matokeo yalitoka 2013: wale ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi walipata tansio kabla ya miaka 50 zaidi ya mara mbili kuliko wale wa DDT kidogo. Binti hakupuliza dawa yoyote, alikuwa tumboni tu.

Si kusema kila tansio inatoka kwa dawa. Chumvi, pombe, unene na ukoo vyote viko ndani. Tena tansio haiumi; mtu anaweza kulima vizuri na iko 16. Ukifika kituo cha afya, hata kwa kusindikiza mtoto, omba wakupime. Kuanzia 14 kwa 9, rudi wapime tena.

Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliondoa DDT katika kilimo. Iliachwa kwa kuua wadudu wanaoeneza magonjwa, kama mbu wa malaria. Lindane, ambayo wengi walichanganya na mbegu, iliongezwa 2009. Lakini unga usio na etikete, muuzaji mwenyewe hajui ni nini.

Kwa maharagi, tumia mfuko wa tabaka tatu. Kausha vizuri, jaza, toa hewa, funga kila tabaka peke yake, na usifungue mbele ya mwezi kuisha. Bidudu wanakosa hewa, wanakufa. Na bidoni ya dawa, hata ukiosha mara kumi, haiwi ya maji wala ya mafuta ya mawese: toboa.

Mwisho mama akauliza: "Na huu unga nitupe wapi?" Si mtoni, si chooni, si motoni. Ulibaki umefungwa mbali na watoto na vyakula, ukimngoja agronomu wa sekta.