Kama kila mtu anaona gizani, giza ni la nini?

Jumamosi moja stima zilipotea Ndabibi saa mbili usiku, tukiwa katikati ya pango la orki. (Ndiyo, sisi majirani wa Olkaria, kunakozalishwa umeme. Tuache hiyo.) Tulikuwa watano jikoni kwa shangazi, simu moja ikiwa na chaji ya kutosha kumulika meza. Tukaendelea kucheza.

Nikauliza, "Humu pangoni nani ana mwanga?" Hakuna aliyejali. Elfi anaona gizani. Dwafu, yule mfupi wa ndevu wa migodini, anaona. Orki anaona. Binamu yangu pekee ndiye binadamu, na mwenge wake ulikuwa umezima. Zamu yake ilipofika akasema tu, "Mimi nimesimama." Tulipomaliza akanivuta kando: "Bro, Jumamosi ijayo sikuji."

Kwa wageni: huu ni Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka wa 1974. Mimi ndiye msimulizi wa kikundi chetu. Niliacha chuo, lakini kitabu cha kanuni nimekisoma kuliko noti zozote. Ama nilidhani hivyo.

Katika kanuni za 2014, elfi, dwafu na wengine wengi huona gizani hadi futi 60, kama mita 18. Binadamu hana kitu. Toleo la 2024 likaongeza chumvi: dwafu na orki sasa wana futi 120, na hata wale wa uzao wa joka, ambao hawakuwa na chochote, wakapewa 60. Mwenye kubeba mwenge amebaki kuwa kichekesho.

Lakini kuna kipande tunachoruka, na hapo kosa lilikuwa langu. Anayeona gizani haoni kama mchana. Anaona kama magharibi, tena bila rangi, kijivu tupu. Akitafuta kitu kwa macho anarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba ya chini. Mimi nilikuwa nikiwapa kila kitu bure.

Aliyenifungua macho ni dwafu wetu, ambaye maishani ni mlinzi wa usiku kwenye shamba la maua. "Usiku ng'ombe mwekundu na mweusi ni mmoja," alisema. Pia, ukiwasha tochi unajiharibia macho, kwa sababu jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza vizuri. Na ng'ombe anayekuona kabla hujamwona bado anahitaji mwanga kidogo: nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana linang'aa ukilimulika.

Nikabadilisha. Elfi sasa ana macho ya ng'ombe: chini ya nyota anaona mbali mara mbili kuliko binadamu, lakini ndani ya pango bila taa ni kipofu kama sisi. Wazo si geni, toleo la 2000 lilimpa elfi kitu kama hicho. Dwafu na orki niliwaachia futi 30, kijivu.

Elfi wetu, mtu wa boda, alikasirika sana. "Umening'oa macho katikati ya safari!" Alikuwa na haki, nilipaswa kuuliza kwanza. Tukapiga kura, ikapita tatu kwa mbili, naye nikamruhusu abadilishe uchawi wake mmoja achukue wa mwanga. Nikapunguza pia macho ya maadui, maana ukiwafunga mashujaa macho na kuwaachia maadui yao, utawazika wote usiku mmoja. Nusura nifanye hivyo.

Binamu alikuja, shingo upande. Tukarudi pangoni, yeye mbele na mwenge unaoangaza vizuri futi 20. Dwafu alikuwa ashachungulia akaona ukuta wa kijivu, basi. Nikamwambia binamu kuna mstari wa kijani unaotiririka hadi sakafuni.

"Simameni. Hiyo ni sumu."

Kimya. Elfi ndiye aliyesema kwanza: "Buda, huo mwenge umebakisha dakika ngapi?"

Kwa kanuni, mwenge huwaka saa moja. Nilikuwa nimeanza kuhesabu.