Kasongo–Kabambare: Moteri ya 150 kwenye moto ya 125, faida iko wapi?

Kwenye barabara ya udongo kati ya Kasongo na Kabambare, moto moja inabeba mchele, bidoni za mawese na abiria juu yake. Ndiyo maana motari mwenye moto ya 125 anatamani moteri ya 150.

Moto nyingi za Kichina zimefuata Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Pistoni yake ina upana wa milimita 56,5 na inapanda na kushuka milimita 49,5. Kwenye 150 za aina hiyo mwendo ni ule ule, upana tu ndio unafika 62. Basi moteri inavuta hewa na esanse zaidi, karibu moja ya tano, na kilima kinapandwa bila moto kulia sana.

Lakini joto nalo linaongezeka. Moteri hizi hazipozwi na maji, zinapozwa na upepo unaopita kwenye vile vipande vyembamba vinavyozunguka silinda. Wakati wa mvua, ukisukumana na matope katika vitesi ya kwanza, upepo huo hakuna, na udongo unaziba nafasi zote. Pistoni inavimba, inakwama, gurudumu ya nyuma inafunga ghafula. Na abiria yuko mgongoni.

Kupanua silinda ya zamani mpaka 62 ni hatari, ukuta wake unabaki mwembamba. Afadhali moteri nzima ya 150 pamoja na karbirateri yake. Mnyororo na breki pia viangaliwe, maana chasi ni ile ile ya 125. Kwa anayezunguka mjini Kasongo tu, 125 yenye mafuta safi ya moteri inatosha.