Herufi Nzito Hazina Sauti

Fungua fomu ya maombi kwenye tovuti, na huenda juu kabisa ukakuta maelekezo haya: sehemu zenye herufi nzito ni lazima zijazwe. Anayeona hutupa jicho mara moja akajua. Asiyeona, ambaye kompyuta inamsomea, anasikia jina, anwani, simu, barua pepe, jina la mdhamini, yote kwa sauti ileile. Ipi nzito, ipi nyepesi? Mashine haisemi. Neno “lazima” lingeandikwa kando ya kila sehemu husika, shida hiyo isingekuwepo.

Watengenezaji wengi wa tovuti wanaamini jambo hili lilishamalizwa zamani. HTML, lugha inayojenga kurasa za intaneti, ina tagi ya “em” kwa ajili ya mkazo na “strong” kwa jambo zito. Wanafunzi hufundishwa kuzitumia badala ya “b” na “i”, kwa hoja kwamba zinabeba maana na visoma skrini vitaitambua. Hoja nzuri darasani. Ila JAWS, NVDA na VoiceOver, programu zinazowasomea wasioona, zikiachwa kama zilivyosakinishwa, huyapita maneno yenye tagi hizo kama mengine yote.

Si kwamba haziwezi. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, mwenyewe asiyeona, ina mpangilio wa kutangaza mkazo. Miaka kumi hivi iliyopita mpangilio huo uliwashwa kwa wote; watumiaji wakalalamika, ukazimwa. Nawaelewa. Sauti ya kompyuta haikazi neno kama mtangazaji wa redio. Inatamka kwamba mkazo umeanza, inasoma neno, halafu inatamka kwamba mkazo umekwisha. Kwa msikilizaji mzoefu, anayeendesha sauti kwa kasi ambayo wengine hatuambulii kitu, hiyo ni sawa na mwenyekiti wa kikao anayemkatiza msemaji kila sentensi. Akishuku kuna neno lililokozwa, anaweza kubonyeza Insert pamoja na F aelezwe mwonekano wake. Lakini ashuku kwa lipi?

Njia ya upole zaidi ilishajaribiwa. Chieko Asakawa, mtafiti wa IBM nchini Japani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alikuja na Home Page Reader mwaka 1997. Maandishi ya kawaida yalisomwa kwa sauti ya kiume, viungo kwa sauti ya kike, na sikio likatofautisha bila neno hata moja kuongezwa. Mwaka uliofuata kanuni za CSS2, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, zikamruhusu mbunifu wa ukurasa kupanga hata kimo cha sauti na mkazo wake. Karibu vivinjari vyote vilizipuuza, na kwa maoni yangu hapo ndipo nafasi nzuri ilipopotea.

Wapenda madoido wa mitandaoni nao wamezidisha tatizo. Pale ambapo mtandao hauna herufi nzito, wananakili alama zinazofanana nazo. Hizo ni alama za hisabati, zilizoingizwa mwaka 2001 katika Unicode, orodha ya herufi na alama zinazotumiwa na kompyuta. “Karibu” ya namna hiyo inaweza kusomwa kama alama sita za hisabati, mojamoja, au isisomwe kabisa. Mwaka 2024 NVDA iliongeza uwezo wa kuzigeuza ziwe herufi za kawaida, lakini si kila kompyuta ina toleo jipya.

Viwango vya WCAG, vya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, vinataka taarifa inayobebwa na mwonekano ipatikane pia kwa njia nyingine, hata kwa maneno matupu. Kwa hilo mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kulalamika. “Asha ndiye aliyelipa” inamkaza Asha hata ikisomwa na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, yenye Kiswahili chake kikavu. “Usilipe hata shilingi moja kabla ya kupata risiti” haihitaji wino mzito.

Ninachokihofia zaidi ni ukanushi. Tangazo linasema maombi yaliyochelewa hayatapokelewa, na mhariri anakoza neno la mwisho, akiamini onyo limefika. Kwa sikio, “yatapokelewa” na “hayatapokelewa” zinatenganishwa na silabi moja, tena ya mwanzo, inayopita kabla msikilizaji hajatulia. “Hayatapokelewa kamwe” ingempa nafasi ya pili ya kulidaka.